Nilivyoipiga Pasi Dawa ya Mguu Wangu

Mimi ni fundi cherehani, na jambo la kwanza nitakalokuambia ni kwamba mimi ni mbishi. Mama yangu aliniambia hivyo, padri aliniambia hivyo kwenye mafundisho ya ndoa, na mume wangu ananiambia karibu kila wiki. Nakutajia mapema usije ukadhani nilipona kwa upole. Kama umekaa kwenye benchi la kliniki, mguu umeunyoosha mbele na umeufunika kanga ili watu wasiuone, haya nimekuandikia wewe. Ya kitaalamu waulize wataalamu. Mimi nakueleza ya nyumbani na ya kwenye benchi.

Ilianza na ekzosi ya bodaboda. Nilikuwa natoka kibandani kwangu Majengo kurudi nyumbani Mazwi, nimebeba mfuko wa vitambaa vya sare za kwaya. Kushuka nikashukia upande wa bomba, na shavu la mguu wa kulia likagusa. Wanawake wengi wa mjini wanayo alama hiyo, si jambo la kuitia watu. Nikapaka dawa ya meno, nikafunga kitambaa, kesho yake nikaendelea kukanyaga cherehani. Mvua za kwanza ndiyo zilikuwa zinaanza, na wazazi walikuwa wanataka sare za shule kabla ya Januari.

Krismasi ikafika kidonda kipo. Kwaresima ikafika kimepanuka, na sasa kilikuwa na utelezi wa kijivu juu yake ambao ukiufuta asubuhi, jioni umerudi. Nilimeza vidonge vya kila rangi. Nilichomwa sindano mpaka nikawa nakaa upande. Kila dawa ilikituliza kwa wiki moja, nikijiambia sasa basi, na wiki ya pili maji yalianza kutoka tena.

Harufu ndiyo iliyonivunja moyo kuliko maumivu. Maumivu ni yako peke yako, lakini harufu unagawana na watu. Mteja anakuja kupimwa gauni, unamwona anavuta pumzi na kuishikilia mpaka umalize kiuno. Kanisani nilikaa mwisho wa benchi, na bado kati yangu na jirani palibaki nafasi ya mtu mzima. Nikaanza kuchoma ubani kibandani. Watu wakadhani nimezidisha ibada.

Kisha likaja la wifi yangu. Yeye alisema huu si ugonjwa, nimetupiwa kitu na fundi mwenzangu wa jirani anayeona wivu. Jamani, watu wa mikoa mingine wakisikia unatoka Sumbawanga wanakuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo, tunacheka na kukasirika. Sasa maneno hayo hayo niyasikie sebuleni kwangu? Nilimwambia, "Wifi, aliyenitupia ni bodaboda, na namba yake ya pikipiki naijua." Hakuja tena kunitazama mpaka mahindi yalipokomaa.

Mume wangu anaitwa Deusi. Ni seremala, mtu wa maneno machache. Yeye hakunipeleka kwa mganga wala hakunisema. Alichofanya ni kibaya zaidi kwangu wakati ule: daktari wa kliniki ya vidonda alipotamka kwa mara ya kwanza kwamba kama kidonda kitafika kwenye mfupa itabidi mguu ukatwe chini ya goti, Deusi akasema, "Kama ni wa kukatwa, ukatwe mapema."

Nilimtazama kama simjui. Mimi cherehani yangu ni ya kukanyaga, na huku umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Miguu yangu ndiyo injini. Na hata kama ningekuwa muuza nyanya, ni mguu wangu, nimezaliwa nao. Lakini lazima nimtendee haki. Kaka yake, Petro, alikuwa na kidonda cha kidole cha mguu akakataa kukatwa kidole. Tulimzika kabla ya mavuno. Deusi ndiye aliyechonga jeneza. Tangu siku hiyo akisikia neno kidonda anaona jeneza, na mimi kwa ubishi wangu sikutaka kuliona hilo.

Muuguzi wa kliniki ile, Sista Imelda, ndiye aliyeniambia kuna watafiti wanajaribu dawa mpya ya vidonda sugu. Alinieleza kwa lugha ya mama wa nyumbani. Ule utelezi wa kijivu, alisema, ni utando ambao vijidudu wenyewe wanautengeneza na kujificha chini yake, kama ule utelezi unaoshika ndani ya dumu la maji lisilosuguliwa. Vidonge vyangu vyote vilikuwa vinapita juu. Dawa mpya ilikuwa mafuta ya karafuu na ya mmea mwingine, yamefungwa ndani ya punje ndogo ndogo, ndogo kuliko ulezi, na punje hizo zimepakwa kwenye kitambaa laini. Ukikiweka kwenye kidonda, unyevu wa kidonda unazilainisha punje polepole, na mafuta yanaingia ndani ya utando kidogo kidogo kwa siku mbili.

"Kwa nini msinipe mafuta yenyewe nipake?" nikauliza.

"Yakiwa wazi yanakuunguza, halafu yanapotea hewani kabla hayajafika yanakotakiwa," akasema. "Ndiyo maana yamefungwa."

Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Kijijini kwetu, kama Wafipa wote, tunalima matuta ya ntumba: majani huyatupi juu ya shamba, unayafunika chini ya udongo yaoze taratibu na kulisha mmea msimu mzima. Nikamwambia, kumbe ni ntumba ya mguuni. Akacheka, nikatia saini karatasi za utafiti. Nilipewa pakiti ya vitambaa vya wiki nzima nibadilishe mwenyewe nyumbani, na kila Jumatatu nirudi nikaguliwe.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mama yangu alitulea na sheria moja: kinachogusa mwili kimepita kwenye pasi. Nguo ikianikwa nje inzi anatagia mayai, ukivaa bila kupiga pasi unaota funza kwenye ngozi. Nepi, shuka, kanga, sidiria, hata leso. Mimi nimekuwa fundi kwa sheria hiyo, hakuna nguo inayotoka kibandani kwangu bila kupita chini ya pasi ya mkaa. Kwa hiyo nilipofika nyumbani na vitambaa vya kuwekwa kwenye kidonda kibichi, unadhani nilifanya nini? Nilitandika kanga safi mezani, nikapanga vitambaa vya dawa, nikafunika kwa kipande cha pamba, nikapiga pasi. Taratibu, kwa uangalifu, mbele na nyuma.

Chumba kizima kikanukia karafuu. Nilifurahi. Nikasema moyoni, dawa imeamka.

Hivyo ndivyo nilivyofanya wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kitambaa nilichokiweka kiliwasha kama pilipili, nikauma meno nikijua dawa kali ndiyo inayoponya. Kila Jumatatu Sista Imelda alifungua bandeji na uso wake ulizidi kupoa. Utando ulikuwa pale pale. Pembeni ngozi imekuwa nyekundu na kuchubuka, jambo ambalo halikuwapo kwa wagonjwa wengine. Aliniuliza kama navibadilisha kila siku mbili. Nikasema ndiyo. Kama mikono naosha. Ndiyo. Hakuniuliza kuhusu pasi, na nani angeniuliza?

Kwenye benchi la Jumatatu nilikuwa nakaa na mama mmoja wa Kirando, Mwajuma, mkaushaji wa dagaa. Alichomwa na msumari wa mtumbwi kisigino, akakaa na kidonda mwaka mzima huko ziwani kabla ya kupanda milima kuja huku kwenye baridi yetu. Alikuwa amefikia kwa dada yake na anatetemeka muda wote, kajifunika kanga tatu. Yeye hakuwekwa kwenye utafiti, kidonda chake kilikuwa kimeshafika mfupani. Alikuwa na mdomo, Mwajuma. Alikuwa anawatania wauguzi, anawatania wagonjwa, na mimi alinipenda kwa sababu nilikuwa namjibu.

Jumatatu ya tano nilikwenda na Deusi. Daktari alikuwa ameomba aje, na sote tulijua maana yake. Fomu ya upasuaji ilikuwa tayari mezani, niliiona mlango ulipofunguliwa. Tukaketi tunasubiri. Mwajuma akajisogeza, akaninusa.

"Fundi," akasema, "mbona wewe kila ukija unanukia pilau? Sisi wengine tunanuka kidonda, wewe unatutia njaa."

Watu wakacheka benchi zima. Mimi nikacheka. Sista Imelda alikuwa anapita na trei, akasimama.

"Umesema ananukia nini?"

"Karafuu," Mwajuma akasema. "Mpaka kwenye mkoba wake. Nusa."

Sista akaweka trei chini. Akachukua mkoba wangu, akatoa vitambaa viwili vilivyokuwa vimebaki, akanusa. Kisha akaingia ndani akarudi na pakiti mpya, akaifungua mbele yangu, akaniletea puani. Haikuwa na harufu yoyote. Ilikuwa kama kunusa karatasi.

"Hii haitakiwi kunukia mpaka iloane kwenye kidonda," akasema. "Mama Anjela, unaifanyia nini nyumbani?"

"Siifanyii kitu," nikasema. "Naipiga pasi tu."

Mimi mwenyewe nilielewa kabla Sista hajafungua mdomo. Nilikuwa nimezipasua punje zote kwa moto. Mafuta nusu yalikwenda hewani yakanukisha chumba, na nusu yalinimwagikia mara moja yakaniunguza. Majuma manne. Kwa usafi wangu.

Ndani, daktari alisikiliza akavua miwani. Alikuwa mtu mwema lakini aliyechoka. Alisema kwa taratibu za utafiti mgonjwa aliyekosea matumizi anaweza kuondolewa, na kwamba muda tumeupoteza, na kidonda hakingoji. Deusi akasukuma fomu kwangu.

"Saini, mama Anjela."

"Sisaini."

"Leokadia." Huwa haniiti jina langu. "Petro alisema hivyo hivyo. Alikuwa amekaa kiti kama hicho."

"Petro hakuwa na dawa, Deusi. Mimi ninayo ila sijaitumia. Daktari, dawa hii haijawahi kuwekwa kwenye mguu wangu hata siku moja. Nilichoweka ni majivu yake. Mkiniondoa mtakuwa mmenikata mguu kwa sababu ya pasi."

Niliona haya, nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira, hasa na nafsi yangu. Lakini niliendelea kusema. Nikasema nitakuja kliniki kila siku mbili nibadilishiwe pale pale, sitabeba hata kitambaa kimoja kwenda nyumbani. Nikasema nikipata homa, au kijiti wanachoingiza kwenye kidonda kupima kina kikigusa mfupa, nitasaini siku hiyo hiyo na sitabishana. Nikamwambia Deusi aishike ahadi hiyo yeye.

Daktari alitoka akazungumza na watafiti. Mimi na mume wangu tulikaa tunatazama ukuta. Aliporudi alisema wiki sita, kwa masharti niliyoyataja mwenyewe, na akaikunja fomu akaiweka kwenye faili langu. Hakuichana.

Tulipotoka Mwajuma alikuwa bado anangoja zamu. Nilimwambia ameniokoa. Akasema, "Nakudai gauni." Siku tatu baadaye alikatwa mguu wake.

Wiki zile sita zilikuwa za kiangazi, wakati ule upepo wa Ufipa unapokuingia mifupani na mikono inapasuka. Kila siku mbili Deusi alinipakia kwenye keria ya baiskeli na kunisukuma kutoka Mazwi mpaka kliniki, yeye anatembea, mimi nimening'iniza mguu pembeni. Kwa wiki mbili hakunisemesha. Si salamu, si neno. Lakini hakukosa hata siku moja, na kwenye mashimo aliinua baiskeli kidogo kwa mkono wa nyuma ili nisirushwe. Nilikuwa natazama kisogo chake nikiwaza, huyu ananisukuma kuelekea jambo asiloliamini. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, msamehe mambo mengi.

Sikupona kama kwenye mahubiri. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, ila haikuwasha tena. Wiki ya pili utelezi ulianza kubanduka vipande, kama ngozi ya juu ya maziwa, na chini yake nyama ikawa nyekundu, ikatoa damu kidogo. Niliogopa ile damu. Sista Imelda akaniambia damu hiyo ni habari njema, nyama iliyokufa haitoi damu. Wiki ya tatu niliamka asubuhi nikakaa kitandani muda mrefu bila kujua ni nini kimepungua, mpaka nikagundua chumba hakinuki. Nililia pale kitandani mpaka Deusi akaja mbio akidhani ni homa.

"Nusa," nikamwambia.

Akainama, akanusa bandeji, akabaki ameinama. Hiyo ndiyo siku aliyoanza kuzungumza nami tena. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Uji umepoa, nikupashie?"

Nilikuwa natembea na futi yangu ya kushonea shingoni, na kila kidonda kilipofunguliwa nilipima mwenyewe. Sista alikuwa na karatasi zake lakini mimi naamini futi yangu. Urefu sentimita tisa. Nane na nusu. Siku moja ilirudi tisa, na sikula chakula siku nzima. Kisha saba. Wiki ya sita ilipokwisha hakikuwa kimefunga, kilikuwa cha sentimita nne, lakini kijiti kilipoingizwa hakikufika popote, na daktari akatoa ile fomu kwenye faili akaniuliza kama naitaka. Nikasema hapana, asante. Waliniongezea vitambaa. Kidonda kilifunga kabisa mvua zilipoanza tena, na kikaacha kovu baya, jeusi, limevutwa kama mshono wa mwanafunzi. Sivai soksi ndefu kulificha.

Wewe unayesoma, nakuomba jambo moja. Mwambie muuguzi wako kila unachofanya nyumbani, hasa kile unachokiona ni usafi, au ni busara ya mama yako, au ni kidogo mno kukitaja. Aibu yangu ilikuwa ya dakika tano. Ningeificha, ningekuwa nimekatwa. Na usidhani ukikosea basi umekwisha. Kama kuna wiki zimebaki, ziombe. Ziombe hata ukiwa unalia. Lakini weka na ahadi ya kweli, maana ubishi bila ahadi ndio uliomzika shemeji yangu.

Sikukuambia bado la magongo.

Niliyaona baada ya kupona, nilipokwenda karakana ya Deusi kutafuta kipande cha mbao cha kuegemeza meza. Yalikuwa nyuma ya mbao za vitanda, yamefunikwa gunia. Magongo mawili ya mninga, yamepigwa msasa mpaka yanang'aa, sehemu ya kwapani imewekwa sponji na kushonwa kitambaa. Kitambaa nilikijua, ni masalia ya gauni langu la harusi ya binti yetu. Mshono ulikuwa mbovu, wa mkono wa seremala. Nikayaweka kwapani. Yalinikaa sawasawa kabisa.

Hasira ilinipanda. Nikatoka na magongo mpaka uani, nikamwuliza Deusi aliyachonga lini.

"Wiki zile nilipokuwa sisemi," akasema. Alikuwa anaosha mikono na hakuinua uso. "Nilikuwa nakutaka hai, mke wangu. Mwenye miguu miwili au mmoja. Nikaona kama utakuwa wa mmoja, usitembelee magongo ya kuazima."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia kwamba Mwajuma bado yuko kwa dada yake, anatembelea fimbo moja na ukuta, na kesho anakuja kuchukua gauni lake.

Mwajuma alifika na maneno yake yote. Akalivaa gauni, akalisifia, akasema kiuno nimemwibia. Kisha akayajaribu magongo. Yalimzidi, yeye ni mfupi, mabega yakampanda mpaka masikioni. Nikatoa futi shingoni, nikampima kutoka kwapani hadi chini, nikamtajia Deusi cha kupunguza. Sentimita kumi na moja.

Deusi akayalaza magongo kwenye benchi lake la kazi, akachora mstari kwa penseli. Alipoinua msumeno alinitazama kwanza. Nikamwambia akate. Nilisimama karibu yake muda wote, kwa miguu yote miwili, nikiwa nimeshika upande wa pili wa mbao isitikisike. Vile vipande viwili vilipoanguka niliviokota, nikaenda jikoni nikavisukumia motoni, nikatuchemshia chai.